Chuo cha bei ya mfuko wako: kipi kiwe cha kwanza, kipi cha mwisho

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, benchi la nje ya steshenari yangu hapa Morogoro hujaa kabla sijafungua mlango. Mwaka jana mzee mmoja alinipa karatasi ya matokeo ya binti yake, anatabasamu hadi gego. "Dada, pointi kumi na tatu hizo. Wenzake naona wana saba, nane. Huyu si atachagua chuo anachotaka mwenyewe?"

Nikamvutia kiti. Kwa Baraza la Mitihani, NECTA, A ni pointi 1 na F ni 7, kwa hiyo pointi zikiwa nyingi ufaulu ndio unashuka. Ukienda kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hesabu inageuzwa kichwa chini: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Binti alikuwa na D, D na E, yaani division three ya pointi 13. Lakini D mbili kwa hesabu ya TCU ni pointi 4, na pointi 4 kwenye masomo mawili ndicho kima cha chini cha kuingia shahada. Mzee alifurahia kitu kisicho, ila sifa mtoto anayo. Tukabaki na maswali mawili: chuo gani, na kwa hela gani.

Nimejaza hizi fomu miaka kadhaa sasa, na ushauri wangu ni mmoja. Usichague chuo kwa kusoma safu ya ada peke yake. Chagua chuo ambacho mtoto anaweza kukaa miezi miwili ya mwanzo hata bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lisipoingia. Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu, kuanzia Oktoba kwenda mbele. Kuna anayejiona awamu ya kwanza, kuna anayesubiri ya tatu, kuna anayeingia kwenye rufaa. Vijana ninaowafahamu waliorudi nyumbani mwaka wa kwanza, ada ya mwaka haikuwa imewashinda. Novemba ndiyo iliyowashinda.

Mtoto wa kaka yangu alipokwenda Dodoma kusomea ualimu, aliniletea daftari lake la wiki ya kwanza. Nusu ya ada. Bima ya afya ya mwanafunzi, 50,400. Ile 20,000 ya TCU ya udhibiti wa ubora ambayo hakuna mzazi anayeijua mpaka aione kwenye fomu ya kujiunga. Kitambulisho, serikali ya wanafunzi, hosteli ya muhula. Halafu, kwa kalamu nyekundu: "godoro 25,000". Alilinunua kwa dada wa mwaka wa tatu aliyekuwa anahamia mtaani, lina doa la chai ukubwa wa sahani. "Shangazi, kwenye fomu hawakuandika godoro," akaniambia. Ni kweli, hawaandiki.

Haya, huu ndio mpangilio wangu.

Cha kwanza: chuo kikuu cha umma nje ya Dar es Salaam

Hapa naweka Dodoma (UDOM), Mzumbe, Sokoine (SUA), MUST ya Mbeya (sayansi na teknolojia), Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, MUCE ya Iringa (ualimu), na SUZA, chuo kikuu cha taifa, kwa walioko Zanzibar. Ada ya programu nyingi inazunguka milioni moja hadi moja na nusu kwa mwaka, udaktari na baadhi ya fani zikipanda juu ya hapo. Lakini mimi ada sio iliyonifanya niviweke juu. Ni kitanda. UDOM ilianzishwa 2007 ikajengwa na hosteli zake palepale kilimani, mwanafunzi anatoka kitandani anaingia darasani bila kupanda daladala. Hata ukikosa hosteli, chumba cha mji wa mkoani hakifanani na cha Dar. Hapa kwetu, maeneo ya Mafiga au Mazimbu, bado unapata chumba kwa elfu arobaini, hamsini, na mwenye nyumba mwenye utu anakubali kodi ya miezi mitatu.

Niseme neno juu ya SUA, na sio kwa sababu ni jirani yangu. Watoto wanakimbia neno "kilimo" kama vile watakabidhiwa jembe getini. Ndani kuna ualimu, mazingira, wanyamapori, utalii, hadi taarifa za kompyuta, na foleni ya baadhi ya programu zake ni fupi kuliko ya sheria au biashara kwingineko. Mtoto mwenye pointi za wastani, hapo ndipo pa kutazama.

Na hapa ndipo pa kuongelea nafasi ya kuchaguliwa, maana wengi wanachanganya sifa na ushindani. Kima cha chini kinakupa ruhusa ya kuomba, basi. Udaktari, mfano, unaanzia pointi 6 za TCU kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, lakini mwenye 6 akiomba Muhimbili anakaa foleni moja na wenye 12 na 13, na viti vinajazwa kuanzia juu. Kwa hiyo nikikujazia, chaguo la kwanza nakuachia la moyo wako. Yanayofuata nataka yawe ya pointi zako. La mwisho nalichagua mimi, na huwa ni programu ambayo ukiikosa hata hiyo, tatizo litakuwa la mtandao. Omba zaidi ya chuo kimoja pia. Tangu 2017 maombi yanakwenda moja kwa moja chuoni, kila chuo na ada yake ya maombi, kwa hiyo vitatu vinatosha. Kijana aliyeomba vyuo tisa alitumia hela ya godoro na ndoo.

Cha pili: stashahada kwenye taasisi ya umma

Wazazi wengi wanaiona kama adhabu. Mimi kwa kijana aliyepata S ya hesabu, ile alama iliyo chini ya E, na bado anataka uhandisi, ningeipandisha iwe ya kwanza. Anakwenda DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar, au Chuo cha Ufundi Arusha, anashika spana mapema, akimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi anaomba shahada kama kawaida. Kwa uhasibu na biashara kuna IFM, TIA na CBE zenye matawi mikoani. Kwa mifugo kuna LITA, kwa maji kuna Chuo cha Maji.

Mlango wenyewe ni mpana. Aliyemaliza kidato cha nne anahitaji D nne za masomo yasiyo ya dini kuanza astashahada. Wa kidato cha sita anaingia stashahada kwa principal moja (A hadi E) na subsidiary moja (S). Uzuri mwingine ambao wengi hawajaupata: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inawakopesha wanafunzi wa stashahada kwenye fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Kabla ya hapo mtoto wa maskini aliyekwenda diploma kwa kawaida alijibeba mwenyewe. Ila chuo na kozi vihakikishe kwanza kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Dakika tano tu.

Cha tatu: Dar es Salaam

Najua nitapigiwa kelele kwa kuviweka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), Ardhi na Muhimbili hapa. Ubora siugombei. Nagombea chumba. Hosteli za Magufuli pale Mlimani zilifunguliwa 2017, majengo 20, wanafunzi 3,840, na ukipata humo umeula: Dar inapanda hadi nafasi ya kwanza bila mjadala. Ukikosa, fuatana nami Changanyikeni au Makongo. Chumba cha elfu sabini, kodi ya miezi sita mbele, 420,000. Dalali anachukua ya mwezi mmoja, 490,000. Hapo hujaweka kitanda, hujanunua hata balbu, na umekwishalipa hela inayokaribia nusu ya ada ya programu ya sanaa. Mwenye ndugu Kimara anayepika kwa moyo mweupe, hesabu yake ni nyingine.

Cha nne: Chuo Kikuu Huria

Kilianzishwa 1992, kina vituo mikoani, na kwa mwalimu, askari au muuguzi aliye kazini hakuna kinachokishinda kwa unafuu, kwa sababu mshahara hausimami. Wanayo pia programu ya msingi kwa aliyepungukiwa pointi. Akipata GPA ya 3.0 anaingia shahada. Kwa kijana wa miaka 19 anayekaa sebuleni na simu, sikishauri. Huko hakuna wa kukuamsha.

Cha tano: vyuo binafsi

Hapa usiweke vyote kapu moja. Vile vya mashirika ya dini, SAUT ya Mwanza, Makumira, Ruaha Katoliki Iringa, Chuo cha Waislamu hapa Morogoro, ada zao za ualimu na sanaa haziko mbali sana na za serikali, na wanafunzi wao wanaomba mkopo kama wengine. Udaktari ndio unaoua: kwenye vyuo binafsi unavuka milioni tano kwa mwaka, na kozi ni miaka mitano. Usijipe moyo kwamba Bodi itafunika yote. Kinachobaki baada ya asilimia utakayopewa ni chako.

Kuna chuo kimoja, jina naliacha, kilinipotezea mteja. Mama wa watu alilipa muhula wa kwanza kwa kuuza mashine ya kusaga. Muhula wa pili ikaja karatasi yenye "michango mingineyo" ambayo haikuwa kwenye fomu ya kujiunga, na bila hiyo hakuna namba ya mtihani. Tangu siku hiyo, mtu akileta fomu ya chuo binafsi, namwambia apige simu aombe muundo wa ada wa miaka yote, kwa maandishi, wenye muhuri. Wakisema "njoo kwanza", nafungua chuo kingine kwenye kompyuta.

Cha mwisho: wakala wa vyuo vya nje

Ufadhili halisi wa nchi marafiki hutangazwa na Wizara ya Elimu, na hauna wakala. Anayekutaka laki tano "ya kushikilia nafasi" anashikilia laki tano. Ukienda kwa hela yako, pata kwanza barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, maana cheti kisichotambuliwa ukirudi nacho utakifungia maandazi.

Mkopo: wanaoupata na wanaoukosa

Dirisha la Bodi huwa wazi katikati ya mwaka, kwa kawaida linafungwa kuelekea mwisho wa Agosti, ingawa kuna miaka linaongezwa siku. Ada ya maombi ni 30,000. Umri usizidi miaka 35. Wanaotangulia ni yatima, wenye ulemavu au wenye mzazi mwenye ulemavu, wanaotoka kaya maskini za TASAF, na waliosomeshwa sekondari kwa ufadhili. Lakini uyatima wa mdomoni Bodi haiujui. Cheti cha kifo na cha kuzaliwa lazima vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na Zanzibar ni ZCSRA, na uhakiki una foleni yake. Anza Mei.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni namba ya kidato cha nne. Ile uliyoombea chuo ndiyo uombee mkopo. Kuna kijana alirudia mtihani, chuo akaomba kwa namba mpya, mkopo kwa ya zamani. Kwenye mfumo akawa watu wawili, mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana maombi ya mkopo hana chuo. Kosa la pili ni la saini. Fomu ikishachapwa inakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mdhamini na kwa wakili au hakimu, na muhuri mmoja ukikosekana maombi yanahesabika hayajakamilika. Na kama kijana yuko kambini JKT, hakikisha amekuachia namba zake zote na nywila kabla hajapanda gari. Kuna baba alikuwa anakisia nywila ya mwanawe kwenye kompyuta yangu tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Ukipata, bumu ni hadi 10,000 kwa siku tangu 2022, na linaingia kwa mafungu. Ukianza kazi, 15% ya mshahara wa msingi inakatwa mpaka deni liishe. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani iliondolewa 2021. Waliofaulu juu kabisa kwenye sayansi wana njia yao, Samia Scholarship, ilianza 2022/23 na hairudishwi. Jina lako likionekana kwenye orodha yake, usikae nalo nyumbani, lifuatilie.

Ukichaguliwa vyuo viwili, utatumiwa msimbo kwenye simu uthibitishe kimoja. Laini iwe ya kwako, iwe hewani. Binti wa yule mzee wa pointi kumi na tatu alichaguliwa Mzumbe na chuo kingine cha Dar, msimbo ukaingia kwenye simu ya kaka yake aliyekuwa Ifakara shambani, hakuna mtandao. Tulimtuma bodaboda.