Ovahoo ya injini ya Land Rover 109 ya marehemu baba hapa Mtwara: uzoefu wangu

Land Rover 109 ya baba, toleo la 1978, petroli, cc 2,286, ililala chini ya mwembe Chikongola miaka 6. Kila aliyepita alikuwa na ushauri uleule: ng'oa hiyo injini, pachika 3L, ile dizeli ya Toyota, utasahau habari ya petroli na spea. Si ushauri wa kipuuzi. 109 nyingi ninazoziona zikitembea huku Kusini zina roho ya Kijapani. Ila mimi nilitaka ule mlio niliokuwa nausikia utotoni, mzee akirudi kutoka Newala usiku, mbwa wanatangulia kumjua kabla yetu.

Nikaivuta hadi kwa fundi mmoja Magomeni, mtu mzima, mwenye gereji ya mabati na mkorosho mmoja wa kivuli. Nilidhani atachukua spana. Akavuta kigoda.

"Mwalimu, hili gari utaendea wapi?"

"Popote, fundi."

"Popote hapana barabara. Niambie wiki yako."

Nikamwambia ukweli: Mikindani siku za Ijumaa, Msimbati mchangani mara mojamoja, Newala mara 2 au 3 kwa mwaka kwa harusi na misiba, watu 8 na magunia. Akaandika kwa penseli kwenye ubao wa boksi la oili, na ule ubao ndio uliotuongoza mpaka mwisho. Kwa jambo hili peke yake ningemlipa.

Maana mpwa wangu alishakuja na orodha yake kutoka kwenye simu: kamshafti kali (shafti inayofungua valvu), kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ipandishwe, kabureta kubwa. Fundi hakumkejeli. Alimweleza kwamba injini hii nguvu yake ya kuvuta inapatikana chini, kwenye mizunguko kama 1,500 hivi kwa dakika, na mchangani ndipo unapoihitaji. Kamshafti kali inaihamishia nguvu juu. Na huko juu krenki ya gari hili, shafti inayozungushwa na pistoni, haipapendi, kwa kuwa imekaa kwenye beringi kuu 3 tu. Za beringi 5 zilianza 1980. "Anko, unataka farasi wa mbio au punda wa Msimbati?" Mpwa akacheka, tukabaki na farasi wetu 70 wa kiwandani na kompresheni ileile ya 8 kwa 1.

Ndipo akapima kompresheni, silinda moja moja. Geji ikasoma psi 115, 110, 60, 105. Kwenye silinda ya 3 akamimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, akamwambia kijana apige stata tena. Ikaruka hadi 95. "Valvu haizibwi na oili. Hii ni ringi." Hedi, kile kichwa cha juu ya bloku, ilipotoka alinishika kidole akakipitisha sehemu ya juu ya silinda, kucha ikakwama kwenye ngazi ndogo, pale ringi inapoishia. Miaka yote ya baba ilikuwa imekaa kwenye ile ngazi.

Sasa machungu. Kuchonga bloku tulilipeleka Dar, kilomita 560 na ushei. Fundi aliniambia wazi: usipeleke bloku bila pistoni, mtu wa mashine azipime pistoni zenyewe ndipo achonge. Mimi nikapata lori linaloondoka usiku ule, pistoni za ovasaizi 20 (elfu 20 za inchi juu ya kipimo cha kiwandani) nimeshazilipia lakini hazijafika, nikasema nitapiga simu. Nikapiga. Karakana ikajibu sawa, ishirini. Bloku likarudi limechongwa 40. Eti silinda moja ilikuwa na mkwaruzo, 20 isingeusafisha. Inawezekana kabisa, lakini kunipigia simu kulikuwa na gharama gani? Pistoni za 20 ninazo hadi leo, zipo kwenye kabati la sebuleni, mke wangu anaziita "vikombe vyako". Nikanunua seti nyingine, na sasa nafasi ya kuchonga tena ni finyu. Ikichoka hii, naona tutaingia kwenye slivu, yaani kupachika kuta mpya ndani ya silinda. Nusu ya kosa naibeba mwenyewe. Hata hivyo kazi ya kuchonga ilikuwa safi, fundi alipima pistoni na silinda zote 4 hakukuta kasoro.

Kwenye hedi aliweka viti vigumu vya valvu za ekzosti. Petroli yenye risasi ilishaondoka nchini kufikia mwaka 2006, na injini hizi za zamani zilikuwa zinaitegemea ile risasi kulinda viti visiliwe. Kabureta ya Zenith sikununua mpya. Kifuniko chake kilikuwa kimepinda, hewa inapenya, ndiyo maana ilikuwa inamisi na kunywa petroli kama mgonjwa wa homa. Kijana wa fundi alilaza msasa juu ya kioo cha dirisha akakisugua kile kifuniko mchana kutwa hadi kikakaa sawa. Na themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, ikarudishwa! Mafundi wengi wa huku huitoa wakaitupa, wakiamini kwenye joto la Pwani haihitajiki. Wa kwangu anasema injini isiyopata joto lake inajisaga yenyewe.

Ufundi alinitoza 650,000, spea na kuchonga vikala zaidi ya milioni 2, ukihesabu na vile vikombe. Ilichukua wiki 11. Alisema 6.

Kilomita 1,000 za mwanzo niliambiwa nisizidi 60, nisiburute mzigo, na nisiiache ikiunguruma bure uani. Baada ya hapo oili ikamwagwa, hedi ikakazwa upya, tapeti zikarudishwa kwenye nafasi ya milimita 0.25. Mwezi uliopita nilipandisha Newala kutokea Masasi na watu 8 ndani. Kwenye ule mwinamo nikaweka gia ya pili, sindano ya joto haikusogea, na shangazi aliyekaa nyuma akaanza kusinzia. Tulisimama Shimo la Mungu kupiga picha, nikachungulia chini ya gari: tone moja la oili nyuma ya injini. Nimemwambia fundi, amesema nilete.

Ukitaka kwenda kwake, nenda kati ya Februari na Julai. Msimu wa korosho ukianza, malori yanajaa hadi barabarani, na gari lako dogo litakaa chini ya mkorosho likisubiri zamu.