Kiongozi Aliyefuta Picha Yangu

Nilijiunga na safari hii ya wapiga picha ya mwishoni mwa juma kwa sababu kamera yangu ilikuwa imelala kabatini kwa muda mrefu, nami nilikuwa nimechoka kupiga kila kitu kwa simu bila kukitazama sawasawa. Malazi na usafiri sina neno navyo. Ugomvi wangu ni na kiongozi.

Jioni ya kwanza, jua likikaribia kugusa maji, tulipangwa mstari mmoja kama watu wa gwaride, tukaamriwa sote kuelekeza lenzi upande uleule. Mimi nikageuka nyuma. Palikuwa na mwanamke akikung'uta shuka, na mwanga wa manjano ulilipenya hata vivuli vya vidole vyake vikaonekana upande wa pili. Nikamwomba ruhusa, akacheka, akakubali. Nikapunguza kasi ya shata, kile kifuniko cha ndani ya kamera kinachofunguka kuruhusu mwanga, hadi 1/15 ya sekunde, kwa makusudi, ili shuka lipepee pichani na uso wake ubaki umetulia.

Kiongozi akaja, akanivua kamera shingoni bila hata samahani, akatazama kioo, akasema, "Hii imeharibika," akaifuta. Akaifuta! Picha si yake, kamera si yake. Huko si kufundisha, ni ufidhuli.

Bahati nzuri, picha iliyofutwa haitoweki papo hapo kwenye kadi; kinachoondoka ni nafasi yake katika orodha, na yenyewe hubaki mpaka picha mpya ziandikwe juu yake. Nikaichomoa kadi, nikaifunga kwenye leso, nikabaki na kadi kuukuu ya akiba isiyoweza kubeba hata picha 30. Ndipo, kwa hasira tu, nilipoanza kuona. Nilichuchumaa, nikasubiri, nikaziacha nyingi kuliko nilizopiga. Kesho yake nilikaa karibu saa nzima mbele ya ukuta uliobanduka rangi, nikifuatilia kivuli cha ngazi kikisogea, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikuwa na subira ya namna hiyo.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu yeyote asithubutu kwenda. Sasa nasita, maana mahali palichaguliwa vizuri, na hamu yangu ya kupiga picha imerudi. Lakini shukrani hizo si zake, na akijidai ni zake nitaandika upya.

Picha ya shuka niliirejesha kwa programu ya kompyuta siku chache baadaye. Uso umetikisika kidogo, kweli, kidogo tu. Vivuli vya vidole vipo.