Lea Salonga kwenye DVD mbili za Les Misérables, ya 1995 na ya 2010

Kama pesa inatosha DVD moja tu ya tamthilia hii ya nyimbo, chukua ya 1995. Mimi nilinunua zote mbili, zilizokwisha kutumika, nikazitazama usiku mmoja.

Jina la Lea Salonga, mwimbaji wa Ufilipino, nililisikia kwanza Doha, kwa dada mmoja wa Manila tuliyekuwa tukisafisha naye vyumba vya hoteli. Wote tulimwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha yao. Akimtaja Lea huhesabu kwa vidole: jukwaani akiwa na miaka 7, albamu ya kwanza akiwa na 10, na 1989, akiwa na 18, ni mhusika mkuu wa Miss Saigon, tamthilia nyingine ya nyimbo, kule London. Ikaja tuzo ya Olivier, ya maigizo ya London, kisha Tony, ya maigizo ya Marekani, mwaka 1991, mwigizaji wa kike wa kwanza wa Asia kuipata. Nilidhani Ate anamsifu wa kwao tu.

Hizi DVD ni za tamasha. Waimbaji wamevaa mavazi ya wahusika lakini wanasimama mbele ya maikrofoni, okestra ikiwa nyuma yao. Maandishi ya Kiswahili hakuna, kwa hiyo soma kisa kwanza.

Ya 1995 ilirekodiwa ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Lea, miaka 24, ni Éponine, binti maskini anayempenda kijana ambaye moyo wake uko kwa mwingine. Hana haraka ya kupaza sauti. Anaimba kama mtu anayejisemea njiani usiku, kila neno linasikika, na sauti inapofunguka ndipo unapojua alikuwa ameitunza muda wote huo. Wimbo wa kufa kwake niliurudia mara tatu. Pumzi inapungua, tuni haiyumbi hata kidogo.

Kwenye ya 2010, ukumbi wa O2, London pia, ana miaka 39 na sasa ni Fantine, mama anayeuza nywele zake ili mwanawe ale. Sauti imekuwa nzito zaidi na ina uchungu ambao yule binti hakuwa nao. Tatizo ni kwamba Fantine hufa mapema, hivyo aliyemfuata Lea atakaa muda mrefu bila kumwona. Na diski yangu ilifika na mikwaruzo, ikawa inarukaruka penye vita. Muuzaji alinirudishia nusu ya pesa baada ya wiki mbili za kusumbuana.

Hata hivyo siijutii, kwa sababu ya mwisho wake. Jean Valjean, mhusika mkuu wa kisa, anapokata roho, Fantine na Éponine wanakuja kumpokea, wakiimba pamoja. Mwaka 1995 Lea aliimba upande wa Éponine. 2010, upande wa Fantine. Niliziweka sehemu hizo mbili moja baada ya nyingine, nikazirekodi kwa simu na kumtumia Ate. Alinijibu usiku uleule, kwa kuimba.