Lotso hakuachwa, alipotea: nimekaa wiki sita na dubu wa stroberi

Hebu sogeeni karibu na skrini. Mnaziona nyusi hizi? Nene, zimekolea rangi kuliko manyoya mengine yote, na zimeshonwa mshazari, upande wa ndani umeshuka kidogo. Nikiziziba kwa vidole viwili, hivi, anabaki dubu wa waridi anayetabasamu, wa kumlaza mtoto mchanga pembeni yake. Nikiondoa vidole, Lotso huyo karudi. Sura yote imebebwa na nyusi, ndiyo maana nimeanza nazo hata kabla ya salamu.

Haya, hamjambo wapenzi watazamaji. Karibuni sana. Leo ni uchambuzi wa Lotso, yule dubu wa Toy Story 3, filamu ya katuni ya midoli iliyo hai, na nimemtumia kwa wiki sita kwanza ili nisije nikawaambia maneno ya siku ya kufungua boksi. Siku ya kufungua boksi kila mdoli ni mzuri. Ila kabla sijafika kwenye pamba na mishono, lazima tuongee kuhusu mwenyewe, kwa sababu kila nikimtaja huyu dubu mashabiki tunagawanyika. Kuna wanaosema ni adui aliyeonewa, kuna wanaosema ni roho mbaya tu. Na bidhaa zake huwezi kuzipima kama hujui ulisimama upande gani.

Kwa ambao hamjaiona filamu, au mliiona zamani ilipotoka mwaka 2010: Lotso ndiye mkubwa wa midoli katika kituo cha kulelea watoto kinachoitwa Sunnyside. Woody, Buzz na wenzao, midoli mashujaa wa filamu, wanafika pale wakapokelewa kama wafalme. Dubu mnene, sauti ya babu mpole, mkongojo mkononi, ananukia stroberi. Sauti ile ni ya mwigizaji marehemu Ned Beatty, na mimi naamini nusu ya ubaya wa Lotso umo humo, kwenye upole. Hapazi sauti mpaka afike mwisho wa uvumilivu. Anakukumbatia, halafu anakupeleka chumba cha watoto wadogo kabisa, wale wa kutafuna na kubamiza, ukavunjike huko ili yeye na kundi lake wakae salama chumba cha watoto wakubwa. Usiku milango inafungwa na walinzi wanapangwa. Kituo cha watoto kimegeuzwa gereza.

Sasa kisa chenyewe. Lotso alikuwa wa msichana anayeitwa Daisy. Siku moja familia ikasimama njiani kupumzika, mtoto akacheza mpaka usingizi ukamchukua, wazazi wakambeba akiwa amelala wakamwingiza kwenye gari. Midoli mitatu ikasahaulika kwenye nyasi: Lotso, mwanasesere Big Baby, na Chuckles yule mchekeshaji. Wakasubiri. Hakuna aliyerudi. Wakaanza safari ya kurudi nyumbani kwa miguu yao ya midoli, na walipofika hatimaye, Lotso akachungulia dirishani akamwona Daisy amekumbatia Lotso mwingine. Mpya. Rangi ileile, sura ileile.

Pale dirishani ndipo penye kila kitu, na mimi nimelitazama tukio hilo mara nyingi kuliko naweza kuhesabu. Tazameni vizuri: Big Baby hakuwa na mbadala. Chuckles hakuwa na mbadala. Ni Lotso peke yake aliyebadilishwa. Chuckles anamwambia hivyo, na Lotso anamgeuzia kibao: sote tumebadilishwa. Akamnyang'anya Big Baby haki ya kurudi kwa mtoto ambaye bado alikuwa wake. Huo ndio uovu wa kwanza wa Lotso, na aliufanya akiwa bado amelowa mvua, hata Sunnyside hawajaiona.

Kwa hiyo mtu akiniambia Lotso hakueleweka, mimi namjibu hivi: sisi tumemwelewa vizuri sana. Asiyeelewa ni yeye. Fikirieni mtoto aliyepoteza mdoli wake. Analia siku ngapi? Wazazi wanamletea sungura, hataki. Wanamletea kitu kingine, hataki. Anamtaka dubu wake, yule yule, wa waridi, wa kunukia stroberi. Filamu haituonyeshi siku hizo, lakini yeyote aliyewahi kuishi na mtoto mdogo anazijua. Daisy hakununuliwa mdoli tofauti. Alinunuliwa Lotso. Kile ambacho Lotso alikiona dirishani kama dharau, mimi nakiona kama ushahidi kwamba mtoto yule hakukubali kitu kingine chochote. Alikuwa amepotea, hakuachwa. Akachagua neno kuachwa, akalibeba kinyongo miaka yote, na kinyongo hicho akakifanya sheria ya kituo kizima: hakuna mdoli anayependwa, wote ni takataka zinazosubiri zamu.

Na bado roho inaniuma juu yake, siwezi kuwaficha. Kuna kile kishaufu chenye jina la Daisy ambacho Chuckles alikitunza. Woody anapokitoa mbele ya wote, sekunde chache sana, uso wa Lotso unalegea. Unamwona yule dubu wa kwenye nyasi. Halafu nyusi zinashuka, anakiponda kwa mkongojo. Ningekuwa na uwezo wa kumtengenezea mdoli mwenyewe, ningemtengeneza katika sekunde zile.

Ndiyo, na kule kwenye tanuri la taka, karibu na mwisho wa filamu, midoli ikiwa imebebwa na taka. Woody na Buzz wanamwokoa asisagwe. Anafika kwenye kitufe cha kusimamisha mkanda unaopeleka taka motoni, mkono wake uko pale pale, kisha anawaacha waende motoni. Hapo sina utetezi. Wanaosema amebadilika moyoni sijui waliangalia filamu ipi.

Basi, sasa nimshike vizuri. Huyu ndiye mkubwa, wa kukumbatia. Nikimkalisha mapajani kichwa kinanifika kidevuni.

Manyoya kwanza, kwa sababu bila manyoya Lotso hayupo, na hilo ni kweli kihistoria. Waandishi wa Toy Story walikuwa na wazo la dubu wa waridi tangu filamu ya kwanza ya mwaka 1995, lakini kompyuta za wakati ule hazikuweza kuchora manyoya ya kuaminika. Plastiki ilikuwa rahisi, ndiyo sababu moja iliyofanya hadithi ile ijae midoli ya plastiki. Ilibidi Pixar, watengenezaji wa filamu hizi, wapitie kwanza Sulley, lile zimwi la manyoya la Monsters, Inc. ya mwaka 2001, mwenye nywele zaidi ya milioni 2, ndipo dubu akawezekana. Na kabla hajawa adui alipita kimyakimya katika Up, filamu yao nyingine ya mwaka 2009: nyumba ya yule mzee inapopaa kwa maputo na kupita dirishani kwa msichana mmoja, dubu yuko sakafuni kwake. Rudini mkatazame, mtamwona.

Kwa hiyo mdoli wa Lotso wenye manyoya mafupi kama ya taulo, mimi sinunui. Wangu ana manyoya marefu kiasi, na yana mwelekeo: ukipitisha mkono kushuka chini yanang'aa, ukipandisha yanakuwa meusi kidogo. Baada ya wiki sita tumboni yameanza kushikana vibonge, hasa hapa ninapomkumbatia. Brashi laini ya nywele ya mtoto inatosha kuyatenganisha. Msitumie chanuo la meno magumu, linang'oa.

Kuna kitu kimoja watengenezaji wanakikwepa, wote niliowaona, na mimi kinanikera. Lotso wa Sunnyside amechakaa. Rangi imepauka, ana madoa, manyoya yamelala. Anayeuzwa madukani ni Lotso wa Daisy, wa siku ya kwanza, safi kabisa. Wanatuuzia yule wa ndani ya dirisha, si yule aliyechungulia kutoka nje. Mnanielewa? Mimi niliponyanyua kifuniko cha boksi nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu niliyemshika mkononi alikuwa ndiye mbadala. Yule mwingine wa dukani, mmoja kati ya maelfu wanaofanana, aliyemvunja mwenzake moyo bila kujua. Sijawahi kushika bidhaa ya filamu ikanipiga hivyo.

Harufu. Najua mmeisubiri. Siku ya kwanza ilijaa chumba kizima, tamu, ya pipi ya stroberi zaidi kuliko tunda. Midoli ya namna hii hupewa harufu kwa njia mbili za kawaida: kuna wanaoshonea kifuko chenye manukato ndani ya pamba, na kuna wanaopaka kitambaa vijichembe vya manukato vyenye ganda, ambavyo hupasuka ukisugua. Wangu nadhani ni wa kifuko, maana nikibonyeza hapa kifuani nasikia kitu kigumu kidogo katikati ya pamba. Wiki ya tatu harufu ilishuka sana. Leo hii ukimnusa tumboni, hakuna kitu, ni kitambaa tu. Inatosha kusema harufu si sababu ya kununua. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye pumu au mtoto mwenye ngozi inayowasha haraka, chukueni asiye na harufu, wapo. Msimtumbukize kwenye mashine ya kufulia pia, lebo ya wangu inakataza. Futeni juu juu kwa kitambaa chenye unyevu.

Mkongojo wake, ambao kwenye filamu ni nyundo ya mbao ya kuchezea, hapa ni kitambaa kilichojazwa sponji na umeshonewa mkononi. Unalegea. Hausimami hata ufanyeje. Ni wazi umefanywa laini ili mtoto asijigonge, nakubaliana nao, lakini kwa sisi tunaomweka kwenye kabati umempunguzia hadhi. Wapo wadogo wa plastiki, wa kuweka mezani, wenye mkongojo mgumu uliosimama sawasawa. Ninao mmoja, huyu hapa, mrefu kama kidole changu cha kati. Uso wake ni mkali, nyusi zimechorwa vizuri, na pua ya zambarau ina vumbi la mahameli ukiigusa. Kwa sura peke yake, huyu mdogo anamshinda mkubwa. Lakini humkumbatii, na Lotso asiyekumbatiwa kwangu hajakamilika. Jina lake lenyewe kwa Kiingereza limetoka kwenye kukumbatia.

Niwape tahadhari ya feki, maana mimi yamenikuta. Kabla ya huyu niliagiza mwingine kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, jina silitaji. Picha ilikuwa nzuri mno. Alipofika, nyusi zilikuwa zimebandikwa kwa gundi, moja imeelekea juu, dubu amekuwa kama anashangaa. Macho yalikuwa vifungo vya plastiki vinavyocheza ukivigusa. Nilivuta moja taratibu, likabaki mkononi. Kwa mtoto mdogo hiyo ni hatari ya kukabwa koo, si mchezo. Kwa hiyo mkimpokea wenu: vuteni macho na pua kabla hamjampa mtoto. Fuateni mshono wa mgongoni kwa kidole, kusiwe na tundu la pamba kuchungulia. Tafuteni lebo ya kushonwa yenye jina la mtengenezaji na alama za usalama, kama ile ya CE kwa midoli inayouzwa Ulaya. Alama inaweza kughushiwa, ndiyo, lakini asiye na lebo kabisa mrudisheni.

Swali ninaloulizwa sana: nimwache kwenye boksi? Jamani, hadithi hizi hizi zimeshalijibu. Adui wa filamu ya pili, ya mwaka 1999, ni Stinky Pete, mdoli aliyekaa kwenye boksi maisha yake yote bila kuguswa na mtoto hata mmoja, na uchungu wake wote umetoka humo. Najua wakusanyaji mna sababu zenu, boksi lisilofunguliwa lina thamani, siwalaumu. Wangu nimemtoa siku ileile, na boksi nimelitupa ili nisipate kishawishi.

Hukumu yangu, basi. Anayetaka sura ya Lotso kamili achukue mdogo wa plastiki. Anayetaka dubu achukue huyu mkubwa, kwa sharti manyoya yawe marefu na nyusi ziwe zimeshonwa. Mtoto chini ya miaka mitatu apewe mwenye macho ya kutarizi, si ya kifungo. Ningempa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima kwa ajili ya usafi wake: siku watakapomtoa Lotso aliyepauka, mwenye doa begani, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kwa sasa wa kwangu anajichakaza mwenyewe. Mnaona hapa mkono wa kushoto? Nilimwagia chai juzi. Nimefuta, doa limebaki, kahawia, ukubwa wa kucha. Na hapa nyuma ya sikio, ambapo hakuna mtu anayemshika... subirini ninuse. Ipo. Kidogo sana, lakini stroberi bado ipo.