Stima ya nyumbani Malindi na Lamu: uchukue ipi kwanza

Anayehamia Malindi au Lamu hana kampuni mbili za stima za kulinganisha. Sheria ya Nishati ya 2019 iliwafungulia mlango wauzaji wengine, lakini waya unaoingia nyumbani kwako bado ni wa Kenya Power. Unachochagua ni mambo mawili: mita iwe ya nani, na kazi zipi uzitoe kwenye mita uzipe jua. Nimepanga nikianza na ninayoipendekeza zaidi.

1. Mita yako ya tokeni, na sola ndogo pembeni

Kwa nyumba iliyo karibu na nguzo, iwe Maweni, Barani, Langoni au Mkomani, anza hapa. Sababu ni uniti 30. Tangu Aprili 2023, asiyezidi uniti 30 kwa mwezi hutozwa bei ya msingi ya chini kabisa, iliyoanza kwa shilingi 12.22 kwa uniti. Kutoka 31 hadi 100 ilikuwa 16.30, na zaidi ya hapo 20.97. Kabla ya hapo nafuu hiyo ilifika hadi uniti 100, kwa hivyo familia nyingi za kawaida zilijikuta nje.

Kundi lako huamuliwa na wastani wa miezi mitatu, na ukihama, uniti zote huhama nawe. Kwa bei hizo, uniti 30 zilikuwa kama shilingi 367. Uniti 31 zikawa 505, kabla ya gharama ya mafuta, ada nyingine na VAT. Kununua tokeni tarehe mosi badala ya tarehe ishirini hakubadilishi kundi lako.

Sasa hesabu feni. Feni ya dari ya wati 75 ikizunguka kwa muda wa saa kumi kila usiku hula robo tatu ya uniti, yaani uniti 22 na nusu kwa mwezi. Friji ndogo hula karibu uniti moja kwa siku. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, nani huku atalala bila feni? Miezi mitatu ya joto yatosha kukupandisha kundi. Balbu za LED usizisumbukie: ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila siku haifiki uniti moja na nusu kwa mwezi.

Kwa hivyo feni ndiyo ya kuhamisha. Paneli ya wati 100 chini ya jua letu hutoa karibu nusu uniti kwa siku. Feni ya DC, yaani ya umeme wa betri, ya wati 20 usiku kucha hula uniti 0.2, na kinachobaki chatosha balbu na simu. Mwenye friji huenda asirudi chini ya 30, lakini atajiepusha na kundi la tatu.

Kabla ya kuhamia, omba namba ya mita uulizie Kenya Power kama ina deni, maana deni hufuata mita na tokeni zako zitakatwa. Malindi kuna nyumba nyingi zinazofungwa muda mrefu. Mita ambayo haikusasishwa kufikia Novemba 24, 2024 hukataa tokeni mpya. Ukinunua utapewa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza yasasisha mita, la tatu ndilo lenye uniti.

2. Sola pekee, uliyoinunua

Kwa vijiji ambavyo nguzo hazijafika, hii hushika nafasi ya kwanza. Weka pesa kwenye betri. Za asidi ni rahisi dukani lakini joto huzimaliza mapema; lithiamu hudumu zaidi. Hewa ya chumvi hula viungo vya waya, basi vipakwe grisi na vikaguliwe. Mwulize fundi leseni yake ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, bila kuona haya. Paa la makuti lisibebeshwe paneli, na waya usipite ndani yake bila bomba la kuukinga, kwani cheche moja yaweza kuteketeza mtaa. Ndani ya mji wa kale wa Lamu, uliomo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, pata ruhusa ya wahifadhi kwanza.

3. Sola ya kulipa kidogo kidogo

Kampuni kama M-KOPA, Sun King na d.light ziliwafikishia taa wengi wasio na akiba. Zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba, ongeza arubuni, kisha ulinganishe na bei ya taslimu. Mvuvi asilipie kwa kipimo cha msimu mzuri. Kusi likichafuka na mashua zikakaa, malipo hukosa na kampuni huzima taa kwa mbali.

4. Mita ndogo ya mwenye nyumba

Hapa bei ya uniti ni ya mwenye nyumba, na nafuu ya uniti 30 huenda isikufikie kabisa kwa sababu mita kuu imejumlisha wapangaji wote. Ikibidi, bei iandikwe kwenye mkataba.

5. Jenereta

Ya dharura tu, na isiwashwe ndani ya nyumba kamwe: moshi wake huua.

Bili ikikulemea

Mwenye bili ya mwezi aende ofisini mapema aombe kulipa kwa awamu, asingoje kukatwa. Ukiona bili si sahihi, piga picha mita, lalamika Kenya Power kwa maandishi, na wasipokujibu peleka kwa EPRA. Asiye na stima aulize kama mtaa wake umo kwenye mradi wa Last Mile, ulioshusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka transfoma.

Mama mjane au mzee anayeishi peke yake hahitaji kutumiwa pesa taslimu. Mwanawe aliye Mombasa aweza kulipa kwa M-Pesa, paybill 888880, namba ya akaunti ikiwa ile ya mita, kisha amsomee mamake tarakimu kwa simu.