Nilivyochapisha kitabu cha mikoko Kariakoo: sampuli iliniokoa

Kama unataka kuchapisha kitabu cha picha cha watoto kwa pesa yako mwenyewe, mimi nimetoka huko juzi tu.

Nafundisha darasa la pili, Kunduchi. Kitabu changu ni cha mikoko, maana wanafunzi wangu wanaiona kila siku na bado walishangaa nilipowaambia kwamba mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti. Mche unaning'inia pale, kijani na mrefu kama tunda la mlonge, mpaka uanguke na kuchoma matope au uchukuliwe na maji.

Nilikwenda kwa wachapaji fulani wa Kariakoo, jina naliacha. Nakala 100, kila moja shilingi 7,000, nusu unalipa kwanza. Waliniuliza kama nataka nakala moja ya sampuli kwa shilingi 15,000. Nikaona wananikamua. Kijana wa kompyuta akaniambia, "Mwalimu, lipa tu, utanishukuru." Nikalipa kwa shingo upande.

Sampuli ikaja na majani ya mikoko yenye rangi ya mchicha uliolala siku tatu. Kwenye simu yangu kijani kilikuwa kinawaka! Kijana akanieleza kwamba kioo kinatoa mwanga, wakati mashine inachanganya wino wa rangi nne tu, na kijani kile hakimo humo. Tena mimi mwenyewe nilichagua karatasi ya bei rahisi inayonyonya wino. Tukahamia karatasi laini isiyong'aa ya gramu 150, akaongeza njano kidogo. Mikoko ikafufuka.

Sampuli hiyo hiyo nikaipeleka darasani. Mtoto mmoja akaweka kidole kwenye kaa, akahesabu kwa sauti, halafu akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, huyu ana miguu sita." Kweli! Kaa ana minane ya kutembelea, ukiacha magando mawili. Mimi, mchoraji na mume wangu tulikuwa tumeipitia picha ile mara ngapi sijui. Na kwa vile yule ni dume la wale kaa wadogo wa matopeni (kwa Kiingereza fiddler crab), gando moja lilitakiwa kuwa kubwa mno na jingine dogo. Mchoraji alimpa mawili sawasawa kama bondia. Ikarudi kwake, ikachorwa upya.

Kuna mambo hawakuambii mpaka umeshafika. Kitabu cha kubana kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne. Mimi nilikuwa na 26. Nikakata mbili, na mmojawapo ulikuwa ule wa bamvua na maji mafu, yaani bahari inapojaa sana na inapojaa kidogo, niliokuwa naupenda kuliko yote (nikauficha ndani ya kava, hesabu ya kurasa haigusi huko). Pia acha picha izidi ukingo milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kinakuachia mstari mweupe. Namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, ni juu yako, unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Ishughulikie kabla kava halijafungwa.

Kilichonikera ni tarehe. "Njoo Ijumaa, mwalimu." Nilikwenda Ijumaa tatu, kwa daladala, na jua lile la Msimbazi. Ya tatu nikakaa kwenye benchi lao mpaka wakaanza kufunga maboksi mbele yangu. Nilipofika nyumbani nikakuta nakala saba zina karatasi ya katikati iliyowekwa kichwa chini. Hapo sina la kuwalaumu zaidi: nilizirudisha, wakanipa nyingine bila maneno wala risiti kuulizwa.

Nakala zimebaki nne. Awamu ya pili nitawapelekea wao tena, na sampuli nitalipa bila kubishana, ila safari hii nitauliza kwanza ni Ijumaa ya mwezi gani.