Ziara ya vita Moscow: mkate ulisema, Vlasov akafichwa

Nililipia ziara ya kutembezwa kwa muda wa saa tatu kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwongozaji anaijua kazi. Alipofika kwenye habari za Leningrad, mji uliozingirwa na Wajerumani, alitutolea kipande cha mkate wa gramu 125, mgao mdogo kabisa wa siku nzima katika majira ya baridi ya 1941. Tulipokezana. Kilipofika kwangu, hakikujaza hata kiganja. Kundi zima kimya.

Kisha ikaja zamu ya wasaliti. Waukraine walitajwa, Walatvia wakatajwa. Warusi, hakuna. Nikamuuliza kuhusu Andrei Vlasov, jenerali wa Kisovieti aliyetekwa na Wajerumani 1942, akaongoza jeshi la Warusi upande wa Wajerumani, akanyongwa Moscow hiihii tarehe 1 Agosti 1946. “Huyo alikuwa mtu mmoja tu,” akajibu, akafunga faili.

Mmoja vipi? Na kikosi cha Kaminski kutoka Lokot, Urusi, kilichokuwa upande wa Wajerumani, kilichobaka na kuua raia mtaani Ochota, Warszawa, Poland, Agosti 1944? Wale waliokufa kwa mamilioni wakiwapiga Wanazi nawaheshimu kwa moyo wote, na ndiyo maana iliniuma.

Nyota tatu kati ya tano. Ukienda, uliza mapema, kabla faili halijafungwa.